Majani Yanapanda, Maziwa Yanashuka

Asubuhi, barabara inayopanda Machame kutoka njia kuu ya Moshi–Arusha huwa na misafara miwili. Mmoja unapanda. Ni wanawake waliojitwika mafurushi ya majani yaliyofungwa kwa maganda makavu ya mgomba, makubwa kiasi kwamba ukiwatazama kwa nyuma huoni kichwa wala mabega. Unaona kichaka kinatembea kwa miguu miwili. Mwingine unashuka. Ni pikipiki zenye madumu yaliyokazwa kwa mipira pande zote mbili za kiti, zikikwepa mashimo kwa tahadhari ya mtu aliyebeba mayai. Majani yanapanda, maziwa yanashuka. Msafara wa kwanza ni wa zamani kuliko lami, kuliko reli, kuliko mji wa Moshi wenyewe. Wa pili ni wa juzi tu.

Katika nchi nyingi mambo ni kinyume: mnyama ndiye mbebaji. Wakulima wa Urusi, kwa mfano, walizalisha farasi wa kukokota, wanyama wazito wenye shingo nene na kwato pana kama sahani. Farasi jike alivuta plau na mkokoteni, akazaa, kisha katika mashamba maalumu akakamuliwa vilevile. Kumkamua si kazi ndogo. Kiwele chake hakihifadhi maziwa mengi kwa wakati mmoja, hivyo hukamuliwa kila baada ya saa mbili au tatu, mtoto wake akiwa karibu. Maziwa hayo ni matamu, yana sukari nyingi na mafuta kidogo, na yakichachushwa huwa kumisi, kinywaji mashuhuri tangu Urusi hadi nyika za Asia ya Kati. Mnyama mmoja analima, anazaa na anajaza kikombe.

Kilimanjaro haikupata mnyama wa namna hiyo. Iliyempata ni ng'ombe, na ng'ombe wa Kilimanjaro hakukokota kitu. Yeye ndiye aliyebebewa. Kwa nini iwe hivyo, na jambo hilo limeigharimu nini familia ya mlimani, ndiyo historia tunayoifuata hapa.

Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetoka Rabai akiongozwa na Bwana Kheri, aliiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848. Wazungu wenzake walibishana kwa miaka kama theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Wenyeji walikuwa na mambo mengine ya kushughulikia. Katika ukanda ulio kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, walikuwa wamekwisha kujenga mmoja wa mifumo ya kilimo iliyobanana zaidi Afrika Mashariki: kihamba. Migomba juu, viazi vikuu na maharage chini, mfongo ukileta maji kutoka korongoni, na katikati yake nyumba. Ndani ya nyumba, ng'ombe.

Tunaposema ndani tunamaanisha ndani hasa. Katika msonge wa nyasi uliofika hadi chini, upande mmoja walilala watu na kukaa jiko, upande wa pili walifungwa ng'ombe na mbuzi. Sababu zilikuwa tatu, na zilishikana. Ya kwanza ni ardhi: kihamba hakikuacha nafasi ya malisho, na ng'ombe akiachiwa kwenye migomba ya jirani huleta kesi. Ya pili ni samadi: mgomba hula sana, na pasipo mbolea ya zizi kihamba kisingeweza kuzaa kizazi baada ya kizazi pasipo kupumzishwa. Ya tatu ni usalama. Karne ya 19 ilikuwa ya vita kati ya mangi na mangi, yaani watawala wa mlimani. Sina wa Kibosho na Rindi wa Moshi walisifiwa na kuogopwa kwa mashambulizi yao, na ng'ombe walikuwa nyara ya kwanza kutajwa. Upande wa Marangu watu walichimba mahandaki ardhini, wakaingia humo pamoja na mifugo vita vilipofika. Hata chini ya ardhi ng'ombe alikuwa wa ndani.

Ng'ombe asiyetoka lazima aletewe. Majani ya kihambani, maganda ya ndizi na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa vilisaidia, lakini havikutosha. Yaliyobaki yalitoka chini, tambarare, ambako nyasi ni nyingi na kaya ni chache. Kazi ya kuyafuata ilikuwa ya wanawake na wasichana: kushuka mikono mitupu, kupanda na mzigo.

Kwa jasho hilo lote, maziwa yalikuwa kidogo. Ng'ombe wa kienyeji, mwenye nundu na pembe fupi, humpa mkamuaji lita moja au mbili kwa siku baada ya ndama kupata lake. Tena hayatoi bila masharti. Ndama huletwa kwanza, anyonye kidogo mpaka maziwa yashuke, ndipo aondolewe na kufungwa mbele ya mama yake ili amrambe wakati mkono wa mtu unafanya kazi. Ndama akifa, mara nyingi maziwa nayo hukauka. Kiasi hicho kidogo kilikuwa na wenyewe: watoto, wazee, na zaidi ya wote mama aliyejifungua. Mzazi alikaa ndani kiasi cha miezi mitatu akilishwa mtori, na mlaso wa damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa. Mgawaji alikuwa mwanamke. Ng'ombe aliitwa wa baba. Kilichotoka kwenye kiwele kilikuwa cha mama. Mgawanyo huo utatufaa mbele.

Kulikuwa na desturi nyingine itakayotufaa. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote kwake. Aliwapeleka kwa ndugu, kwa rafiki, kwa mtu wa mtaa mwingine asiye na kitu. Aliyepokea alileta majani, akanywa maziwa, akatia samadi kihambani mwake, na baada ya uzao kadhaa akapata ndama wake mwenyewe. Mwenye mali naye alijikinga: maadui wakivamia boma moja hawakuchukua wote, ugonjwa ukiingia zizi moja haukumaliza wote, na mangi akihesabu mali ya watu hakuona yote.

Kinga hiyo ilijaribiwa na sotoka. Ugonjwa huo uliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia 1890 na 1891 ulikuwa umeifagia nchi ya Wamaasai, ukiua ng'ombe wengi mno kuliko uliowabakiza. Wafugaji waliokuwa matajiri jana walibaki wakiomba chakula kwa wakulima. Katika miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa wakiutwaa mlima. Waliishambulia Kibosho mwaka 1891, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Mangi Meli wa Moshi, mwana wa Rindi.

Watawala hao wapya waliona kasoro ambayo wenyeji walikuwa wameizoea: hakuna mnyama wa kubeba wala kukokota. Kila mzigo kutoka pwani ulikuja juu ya kichwa cha mpagazi. Farasi aliyeletwa aliuawa na mmoja wa maadui wawili. Wa kwanza ni mbung'o, anayeeneza nagana nyikani. Wa pili ni maradhi ya farasi yaenezwayo na visubi vidogo vya usiku, ambayo huweza kumlaza mnyama mwenye afya ndani ya siku chache. Lakini jirani tu, katika mbuga za chini ya mlima, walikimbia maelfu ya wanyama wa ukoo wa farasi ambao magonjwa hayo hayakuwasumbua. Walikuwa pundamilia.

Wazo la kumfunga pundamilia lijamu lilikuwa gumzo Ulaya wakati huo. Nchini Scotland, mwanazuoni James Cossar Ewart alikuwa amempandisha dume wa pundamilia kwa majike ya farasi, akapata chotara mwenye milia hafifu aliyezaliwa 1896. Huku Kilimanjaro, Mjerumani Fritz Bronsart von Schellendorff aliunda kampuni ya biashara na kilimo, akaanza kuwakamata pundamilia nyikani kwa nia ya kuwafuga na kuwachanganya na farasi. Wengi walikufa zizini. Waliobaki walikuwa na woga na hasira ya mnyama wa porini, na hawakuwa na mabega ya kuvuta mzigo siku nzima. Tena hata chotara angepatikana, asingezaa. Farasi ana kromosomu 64, pundamilia wa mbugani ana 44, na uzao wao hubaki katikati, tasa kama baghala. Kiswahili kimempa baghala jina la pili, nyumbu, na tukawaita vivyo hivyo wale wanyama wa Serengeti. Jina likapata wawili, na Kilimanjaro haikupata mbebaji.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikawapumzisha wapagazi wa njia hiyo kwa miaka michache. Halafu vita vikaja. Machi 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi, na mwanzoni mwa Aprili wapanda farasi wa van Deventer, Waafrika Kusini, waliondoka Arusha kuelekea Kondoa Irangi katikati ya masika. Njia nzima iliachwa na mizoga. Farasi walipokwisha na baghala walipokwisha, Waingereza walimrudia mbebaji yuleyule wa zamani: waliwaandikisha Waafrika, kwa hiari na kwa nguvu, katika kikosi cha wapagazi. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, na ndimi za pwani zikakifanya Kariakoo. Soko kubwa la Dar es Salaam linabeba jina hilo hadi leo.

Kilichombadilisha ng'ombe wa mlimani hatimaye kilikuwa kahawa. Wamisionari Wakatoliki wa Kilema waliipanda katika miaka ya 1890, na baada ya vita Wachagga, wenyeji wa mlima, waliikubali kwa kasi iliyowaudhi walowezi. Mwaka 1925 walikuwa na chama chao cha wakulima, na 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU. Mbuni uliingia kihambani chini ya kivuli cha mgomba, na kihamba kilichokuwa na mdomo mmoja wa kulisha sasa kilikuwa na miwili. Samadi ikapanda thamani. Fedha za kahawa ndizo baadaye zilizomwezesha mtu kununua ng'ombe wa aina nyingine.

Ng'ombe hao walikuwa wameonekana kwanza kwenye misheni na mashamba ya walowezi, hasa upande wa Kilimanjaro Magharibi: Friesian mweusi na mweupe, Ayrshire, na Jersey mdogo wa rangi ya udongo mwenye maziwa mazito. Waliwashangaza watu kwa kiwele, na pia kwa kukamuliwa ndama akiwa mbali. Baridi ya mlimani iliwafaa. Kilichowaua ni kupe, waletao ndigana kali. Hapo ndipo desturi ya kale ilipogeuka kuwa sayansi: ng'ombe aliyefungwa bandani, anayeletewa majani, hukutana na kupe wachache kuliko anayetembea malishoni. Kwingineko Tanganyika wataalamu walitafuta mnyama wa kumudu kutembea juani. Kule Mpwapwa, Dodoma, walichanganya damu ya zebu wa huku, wa India na wa Ulaya mpaka wakapata aina iliyoitwa kwa jina la mji huo. Wachagga hawakuhitaji kumbadilisha ng'ombe ili aiweze nchi. Walikuwa na banda tayari. Walitafuta ng'ombe wa kulijaza.

Hesabu ya kumbadilisha huenda hivi. Jike wa kienyeji akipandwa na dume wa kisasa, ndama anachukua nusu ya damu ya kila upande. Jike huyo naye akipandwa na dume wa kisasa, ndama ana robo tatu. Akifuata mwingine, saba ya nane. Kila hatua huongeza maziwa, na kila hatua huongeza madai. Nusu damu huvumilia mabua makavu na siku ya njaa. Robo tatu na zaidi hutaka pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, chumvi ya madini na daktari. Wengi mlimani walijifunza kwa hasara kwamba mbegu bora bila majani ni kiwele kitupu.

Tena hakuna njia ya mkato: ng'ombe asiyezaa hana maziwa. Mimba ni siku 280 hivi, na mfugaji anayetaka ndama kila mwaka hana budi ng'ombe wake ashike mimba ndani ya miezi mitatu baada ya kuzaa. Bandani kazi hii ina ugumu wake. Malishoni dume hunusa na kujua. Bandani, ambako dume hayupo, lazima mtu ajue. Joto hurudi kila baada ya siku 21 na halikai hata siku nzima. Dalili ni ndogo: analia pasipo njaa, maziwa ya asubuhi yanapungua, ute mwangavu unaovutika kama uzi unaonekana nyuma. Aliyezoea kuziona ni yule aliyekaa na ng'ombe, yaani mama. Dalili zikionekana asubuhi, mtaalamu wa uhimilishaji anatakiwa afike jioni. Anakuja na mtungi wa naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ambamo mbegu ya dume imelala ndani ya mrija mwembamba kama ujiti wa nyasi. Kituo cha taifa cha kuandaa mbegu hizo kiko Usa River, kando ya barabara ileile ya Moshi–Arusha. Mtaalamu huyeyusha mrija kwenye maji ya vuguvugu, akavaa glovu ya kufika begani, na kazi huisha katika dakika chache. Baada ya hapo ni kuhesabu siku 21 na kuomba kimya.

Mwaka 1989 mkataba wa dunia uliolinda bei ya kahawa ulivunjika. Bei ikaanguka, na kipato cha kahawa, alichokuwa akikishika baba, kikapungua. Kilichokuwa mikononi mwa mama kikaanza kuonekana. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1988, wanawake wa Nronga, Machame, walikuwa wameanzisha chama chao cha ushirika wa maziwa. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kulisema: kila mmoja ana lita mbili tatu zilizobaki, peke yake hawezi kuzifikisha mjini zikiwa nzima, kwa pamoja wanaweza. Lakini uzito wake ulikuwa katika ule mgawanyo wa kale. Ng'ombe wa baba, maziwa ya mama. Maziwa yalipokuwa ya uji na ya mzazi, hakuna aliyebisha. Yalipogeuka kuwa pesa ya kila siku, wakati kahawa hulipa kwa msimu, ilikuwa heri kwamba wanawake walikuwa na daftari, mizani na uongozi wao wenyewe kabla swali la pesa hiyo ni ya nani halijaulizwa.

Mahali pa kupokelea maziwa ni shule ya uaminifu. Ndoo inawekwa mezani. Mpokeaji anachovya kipimo cha kioo chenye namba shingoni na kukiacha kielee. Maziwa halisi hukishikilia juu; yaliyotiwa maji hukiachia kizame. Kisha kijiko cha maziwa huchanganywa na spiriti kiasi hichohicho katika chupa ndogo. Yakigandamana, yameanza kuchacha, nayo yanarudi nyumbani. Hakuna anayepaza sauti. Aliye nyuma kwenye foleni ameona, na hiyo inatosha.

Katika miongo hiyohiyo ilienea mipango ya "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe". Familia inapewa mtamba mwenye mimba baada ya kujenga banda na kupanda matete. Ndama jike wa kwanza anapelekwa kwa familia nyingine. Moja ya mashirika yaliyoieneza, Heifer, lilianza Marekani mwaka 1944 kwa kupeleka mitamba 17 Puerto Rico. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana waliosafiri na mitamba yake melini walihudumia pia maelfu ya farasi wa kazi waliopelekwa Poland na nchi nyingine za Ulaya ambazo vita vilikuwa vimemaliza wanyama wa kulimia. Huko farasi alishuka melini akafungwa plau. Hapa mtamba alishuka kwenye lori akaingizwa bandani na kuwekewa majani. Wazee waliouona mpango huo hawakuhitaji kuelezwa sana. Babu zao walikuwa wakipeleka ng'ombe kwa asiye na kitu tangu zamani. Tofauti ni kwamba zamani deni lilirudi kwa mwenye ng'ombe. Sasa liliendelea mbele kwa jirani.

Turudi barabarani, tupige hesabu ya misafara ile miwili. Ng'ombe chotara wa kilo 400 hula majani mabichi kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 40 kwa siku. Kwa mwaka ni karibu tani 15, na bado hatujagusa maji. Akitoa lita tisa kwa siku, kila lita inayoshuka Moshi imetanguliwa na zaidi ya kilo nne za majani zilizopanda. Hakuna mkokoteni uliozipandisha, wala farasi. Makorongo, mifongo na vichochoro vya vihamba havikuacha njia ya gurudumu.

Siku hizi, kiangazi kikikaza, utaona pikapu zimejaa mabua ya mahindi kutoka mashamba ya chini, zikipanda kwa gia ya kwanza, na vijana wa bodaboda wamefunga mafurushi mawili ya majani mahali pa abiria. Wanauza kwa furushi. Anayenunua anajua bei ya lita, sasa anajua na bei ya majani, na usiku huweza kukaa na daftari akatoa moja kwenye nyingine aone kilichobaki. Mama yake hakuweza kufanya hesabu hiyo. Mzigo ulikuwa uleule na mlima ni uleule, lakini aliyeubeba alikuwa wa nyumbani, na mzigo wa mtu wa nyumbani haukuandikwa popote.